‘Utafutaji wa tovuti’ ni upi? Kihusishi kinachompotosha wakala wa akili unde

Neno wakala si geni kwa mkazi wa Adungosi. Ukielekea Busia au Malaba utawakuta mawakala wa forodha wakihangaikia mizigo ya wenye malori. Wakala hodari hufuata hati uliyompa, na hati ikimtatiza hukupigia simu. Siku hizi amezuka wakala wa aina nyingine: programu ya akili unde inayotumwa kuchota taarifa na kuleta jibu. Naye hufuata hati, ila mara nyingi hapigi simu.

Hati yake ni maelezo ya zana. Tangu kampuni ya Anthropic itangaze utaratibu uitwao Model Context Protocol mnamo Novemba 2024, waundaji wengi wa programu wamekuwa wakiandika maelezo ya aina hii: jina la zana, sentensi mbili tatu kuhusu kazi yake, na orodha ya mambo ambayo wakala hana budi kuyataja anapoitumia. Wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Husoma maelezo, kisha huamua. Kwa hivyo suala hili, linaloonekana kuwa la wahandisi, ni la sarufi pia.

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, anayeendesha tovuti ya bei za mazao kutoka Adungosi, alinitumia maelezo aliyoyaandika kwa Kiswahili. Yalikuwa sentensi moja tu: “Hupata data ya utafutaji wa tovuti.” Alikuwa amemuuliza wakala iwapo kuna watu wanaoitafuta tovuti hiyo kwa Kiteso. Akajibiwa ati hakuna. “Prof, nafikiri nitafunga kurasa za Kiteso,” aliniandikia. “Hazina wasomaji.” Nikamsihi asubiri.

Kosa la kwanza limo katika kihusishi cha a-unganifu. Tukisema “picha ya Juma”, yaweza kuwa picha aliyoipiga Juma, aliyopigwa Juma au anayoimiliki Juma. Binadamu huokolewa na muktadha. Sasa hebu tazama “utafutaji wa tovuti”. Je, ni watu walioandika maneno kwenye Google, tovuti ikatokea? Au ni watu walioingia kwenye tovuti wakatumia kisanduku chake cha kutafutia? Wa kwanza wako nje ya mlango, wa pili wamo ndani. Mwanafunzi wangu aliwakusudia wa kwanza, ambao habari zao hutoka Google Search Console. Dawa ni kuiacha nomino na kurejea kwenye kitenzi chenye mtendaji: “maneno ambayo watu waliyaandika kwenye Google, na tovuti hii ikaonyeshwa katika matokeo”.

Kosa la pili ni kukosa mipaka. Busia ziko mbili, moja Kenya na nyingine Uganda, na Malaba vilevile. Tena kwetu Kenya, Busia ni mji na ni kaunti. Data hizi huchujwa kwa nchi alimo mtafutaji, si kwa mji. Wakala akichuja kwa neno “Busia”, atapata walioliandika neno hilo popote walipo, wala si wakazi wa Busia. Tarehe nazo zina mtego. Siku katika data hizi huhesabiwa kwa saa za California, kwa hivyo Jumatatu yake huanza kwetu ikiwa tayari saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira ya kule. Anayetaka kujua watu walitafuta nini siku ya soko atapewa siku iliyokatwa asubuhi yake.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma, nalo ni lile jibu la “hakuna”. Ili kulinda faragha, Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno. Neno lisipokuwamo kwenye orodha, basi, hatuna haki ya kudai halikutafutwa. Kiswahili kinatupa ukanushi wa aina mbili hapa. “Hayakutafutwa” hukanusha tendo la watu. “Hayaonekani” hukanusha kuona kwetu tu. Wakala aliyachanganya haya kwa sababu maelezo hayakumtenganishia. Na ni maneno ya nani yanayofichika kwa urahisi? Ni ya lugha kama Kiteso, ambazo wanaozitumia mtandaoni bado ni wachache. Sisemi kwamba wasomaji wa Kiteso wamejaa tele. Nasema kwamba kurasa zao nusura zifungwe kwa kosa la kitenzi.

Tuliyaandika upya hivi:

“Huleta maneno ambayo watu waliyaandika kwenye Google na tovuti hii ikaonyeshwa, pamoja na idadi ya mara ilizoonyeshwa na mara zilizobofywa. Usiitumie kwa utafutaji unaofanyika ndani ya tovuti. Taja tarehe ya kwanza na ya mwisho, kwa saa za California. Data ni za miezi 16 iliyopita pekee. Mahali huchujwa kwa nchi, si kwa mji. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache hufichwa: yasipokuwamo, sema ‘hayaonekani’, usiseme ‘hayakutafutwa’.”

Wapo watakaolalamika kwamba ni marefu. Kweli, mara nyingi wakala hubeba maelezo ya zana zake nyingi kwa pamoja, na porojo humlemea. Lakini jaribu kufuta sentensi yoyote hapo uone ni kosa lipi litakalorudi. Isiyozuia kosa lolote, ifute bila huruma.

Mwanafunzi wangu alirudia swali lake. Safari hii wakala alijibu kwamba maneno ya Kiteso hayaonekani katika data, na kwamba hilo halithibitishi kuwa hayatafutwi. Kurasa za Kiteso zingalipo. Sasa anapanga kuwauliza wachuuzi wenyewe sokoni, jambo ambalo hakuna zana ingemfanyia.