Printa Yenye Kustahimili Kukaa Bure

Aghalabu mtu aliyechoshwa na printa ya nyumbani kwake huingia dukani na swali moja tu, nalo ni ipi iliyo bora; na muuzaji, ambaye hajui nyumba ile huchapa nini wala mara ngapi kwa mwezi, humwonyesha iliyo mpya au iliyo rahisi kwa bei, naye huondoka na mashine ya jinsi ile ile aliyoikimbia. Sisi katika nyumba yetu ya Tanga tuliona heri kuanzia mahali pengine. Kabla ya kuuliza tununue nini, tuliuliza ile ya zamani ilikuwa ikiharibiwa na nini, na jawabu la swali hilo, nasema kwa yakini, ndilo lililotuchagulia ile mpya.

Printa ile ilikuwa ya wino, yenye katriji mbili, moja ya mweusi na moja ya rangi, na kazi zake zilikuwa chache: fomu za shule, nakala za vyeti, barua za kamati ya madrasa, na pengine tikiti ya safari. Ila yake ilikuwa moja, lakini yenye kuudhi sana: kila ilipoitwa kazini baada ya kukaa wiki mbili tatu, maandishi yalitoka na mistari mitupu katikati, au hayakutoka kabisa. Sasa, printa nyingi za siku hizi hujiwekea hesabu zake zenyewe, na ukiingia katika orodha ya mipangilio utaweza kuchapa karatasi ya taarifa yenye kutaja idadi ya kurasa zilizopita humo tangu mashine ianze kazi. Tuliichapa karatasi hiyo, tukailinganisha na risiti za katriji, na ikadhihirika kwamba wino tulioununua ungetosha kurasa nyingi mno kuliko zile zilizohesabiwa. Basi wino uliosalia ulikwenda wapi?

Kuijua njia uliyopotelea, hapana budi kukitazama kichwa cha kuchapia. Kichwa hicho kina mamia ya vitundu, kila kimoja chembamba kuliko unywele, na wino hurushwa humo kwa mojawapo ya njia mbili: ama kwa joto la ghafla lenye kufanya kiputo kinachousukuma nje, njia ambayo kampuni ya Canon iliigundua mwaka 1977 baada ya chuma cha moto cha kulehemu kugusa bomba la sindano lenye wino, ama kwa kipande chembamba kinachojikunja kitiwapo umeme, ambayo ndiyo njia ya Epson. Walakini zote mbili zinashirikiana katika jambo moja, kwamba wino wenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hugeuka mvuke yakaiacha rangi ikigandamana. Ndiyo sababu kichwa, kimalizapo kazi, hurudi pembeni kikafunikwa kwa kifuniko cha mpira. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, jambo tulilolizoea sana, au mtu akiizima mashine kwa swichi ya ukutani badala ya kitufe chake, kichwa hubaki wazi na vitundu huanza kuziba. Kisha mashine iamkapo hujisafisha kwa kuufyonza wino kupitia vitundu vile vile na kuumwaga katika sifongo iliyo chini yake, nao ni wino uliolipiwa dukani. Fauka ya hayo, pale rangi tatu zinapokaa katika katriji moja, ikiisha moja zote hutupwa. Kwa hiyo nyumba yenye kuchapa kidogo huweza kutumia wino mwingi katika kuosha kuliko katika kuandika.

Hapa yafaa nizitaje zile hesabu za kurasa zilizoandikwa juu ya maboksi, kwa kuwa wengi huzitegemea bila ya kujua zimepatikanaje. Si za uongo. Katriji za wino hupimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO/IEC 24711, na tona nyeusi ya printa za leza kwa ISO/IEC 19752 iliyotolewa mwaka 2004, lakini vipimo hivyo hufanywa kwa kuchapa kwa mfululizo. Mashine haiachwi ilale mwezi mzima ndipo iamshwe na kujiosha. Kwa tona tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwa wino, katika nyumba kama yetu, tofauti hiyo ndiyo hasara yote.

Ama leza, asili yake ni kavu tangu mwanzo. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika mtaa wa Astoria mjini New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei waliisugua kwa kitambaa sahani ya zinki iliyopakwa salfa mpaka ikashika umeme tuli, wakaiangazia kwa taa kupitia kioo chenye maandishi, wakainyunyizia unga wa mmea, nao unga ukashika mahali pasipopigwa na mwanga tu. Gary Starkweather, akifanya kazi Xerox, ndiye aliyeweka mwale wa leza mahali pa taa, na mwaka 1984 Hewlett-Packard ikatoa LaserJet, yenye mtambo uliotengenezwa na Canon, ambayo iliweza kukaa juu ya meza. Mpaka leo kanuni ni ile ile: dramu hutiwa umeme, leza huchora juu yake, tona, ambayo ni unga wa plastiki, hushika palipochorwa, ikahamia kwenye karatasi na kuyeyushwa hapo na rola yenye joto linalokaribia nyuzi 200. Katika safari yote hiyo hapana kitu cha kukauka, na mashine iliyolala miezi mitatu hutoa ukurasa wa kwanza ulio safi kama wa mwisho.

Nakiri kwamba printa za matangi, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, ni hodari, na kwa mwenye steshenari anayechapa picha za rangi tangu asubuhi hadi magharibi, sioni iliyo bora kuliko hizo, maana wino wake ni rahisi na vitundu havipati nafasi ya kuziba. Lakini tangi kubwa haliondoi maji katika wino. Ikilala, huziba kama nyingine.

Tulipokwisha kuamua kwamba itakuwa leza nyeusi, kazi iliyobaki ilikuwa ya hesabu. Bei ya mashine isitazamwe peke yake, bali igawanywe bei ya tona kwa kurasa zake: mathalan katriji ya wino ya shilingi 45,000 kwa kurasa 150 ni shilingi 300 kwa kila ukurasa, ilhali tona ya shilingi 120,000 kwa kurasa 1,500 ni shilingi 80. Tona inayokuja na mashine mpya aghalabu haijazwi kamili, kwa hivyo hesabu ifanywe kwa ile ya kununua. Iulizwe pia kama dramu hubadilishwa pamoja na tona au mbali, na muhimu kuliko yote, kama tona hiyo yapatikana mjini kwenu. Tulitaka vilevile ichapayo pande mbili yenyewe, na yenye tundu la waya wa mtandao, kwa sababu printa ya waifai hupotea kila ruta inapoipa anwani nyingine. Tuliifunga kwa waya, tukaipa anwani isiyobadilika, na malalamiko yakakoma.

Leza ina masharti yake. Rola ile inapopata moto huvuta wati mia kadhaa kwa ghafla, na kwa sababu hiyo haifai kuchomekwa katika UPS ndogo ya kompyuta, ambayo hulemewa ikazima na kompyuta yenyewe. Yetu huchomekwa moja kwa moja ukutani. Karatasi nazo hutaka hadhari, kwani hewa ya bahari huzitia unyevu, na zipitapo penye joto hujikunja na kukwama. Rimu ikifunguliwa, zilizosalia hurudishwa ndani ya karatasi yake ya kufungia na kuwekwa kabatini, na treini hazibaki ila za kazi iliyopo. Picha za rangi, ambazo leza nyeusi haiwezi, tumezirudisha kwa studio ya mtaani, na kwa picha chache tunazohitaji katika mwaka, gharama yake haifiki bei ya katriji moja ya rangi.