Kupona kwa Nani? Tiba ya Kiwewe cha Vita katika Riwaya ya Regeneration

Katika Regeneration (1991), Pat Barker anaisawiri hospitali ya Craiglockhart, Uskoti, mwaka 1917, ambako daktari W.H.R. Rivers anawatibu maafisa wa jeshi la Uingereza wenye kiwewe cha vita. Tiba yake ni mazungumzo: mgonjwa hahimizwi kusahau, bali husaidiwa kuyakabili na kuyasimulia yaliyompata. Hata hivyo, jeshi hupima kupona kwa utayari wa kurudi vitani. Hapo ndipo penye kinaya. Mshairi Siegfried Sassoon anarejea vitani bila kuacha kuvipinga. Aliyebadilika ni daktari, ambaye sasa anavitilia shaka. Kwa hiyo, kuisoma riwaya hii kama simulizi ya uponyaji pekee ni kulikwepa swali lake kuu: mgonjwa anaponywa kwa manufaa ya nani?