Jumba la Satis na kiwanda kilichonyamaza: juu ya uozo katika riwaya ya Dickens

Katika Great Expectations, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa mafungu katika gazeti lake la kila juma tangu Disemba 1860 hadi Agosti 1861, hakuna mahali panapokumbukwa kuliko jumba la Satis. Saa zote zimesimamishwa kwenye saa tatu kasoro dakika ishirini, dakika ile ambayo Bi Havisham alipokea barua ya mchumba aliyemtoroka siku ya arusi. Keki imefunikwa na utando wa buibui. Bibi arusi amezeeka ndani ya nguo yake. Wahakiki wengi, na wanafunzi nyuma yao, huliona jumba hilo kuwa mfano wa moyo uliovunjika. Maoni hayo si ya uongo, ila yanakimbilia chumbani na kupita uani bila kutazama.

Uani kuna kiwanda cha bia. Kijana Pip anakiona kabla hajamwona bibi mwenyewe: zizi halina farasi, ghala haina shayiri, mapipa yamebaki na uchachu tu. Utajiri wa ukoo ulitoka humo. Compeyson alipomchumbia Bi Havisham, hila yake ilikuwa kumfanya anunue kwa bei kubwa sehemu ya kaka yake katika kiwanda hicho. Usaliti wa mapenzi ulikuwa pia biashara. Wala si bure kwamba Pip, anapopatwa na maono ya bibi huyo akining'inia kwa shingo, anayapata kiwandani, si chumbani kwenye keki.

Hapa Kiswahili kinasaidia kufikiri. Nyumba iliyoachwa na watu huitwa gofu. Satis si gofu: mwenye nyumba yumo, ana fedha tele, na kuoza kwake kunalindwa kwa amri. Mwanga wa jua umekatazwa. Hakuna ruhusa ya kuondoa kitu. Maskini hawezi kugharimia uozo wa namna hiyo, kwani yeye hulazimika kuamka kesho yake na kufanya kazi, kama Joe mhunzi.

Kosa kubwa la Pip linatokana na nyumba hiyo. Anapoletewa fedha za kumfanya muungwana, anaamini kwamba zinatoka Satis, naye anaanza kumwonea haya Joe. Kumbe zimetoka kwa Magwitch, mfungwa aliyehamishiwa New South Wales, aliyechuma mali yake kwa kufuga kondoo. Jumba lisilozalisha kitu lilipewa heshima ya jasho la mtu aliyefukuzwa nchini. Msomaji anayeishia kwenye moyo uliovunjika hulikosa jambo hili, nalo ndilo linalomfanya Pip aone kinyaa mbele ya mfadhili wake.

Jina lenyewe, Satis, maana yake ni «inatosha». Estella anaeleza kwamba aliyekuwa na nyumba hiyo alidhaniwa hawezi kutaka zaidi. Katika lugha yetu kutosha ni sifa ya mali, kutosheka ni hali ya mtu. Kejeli yote ya Dickens imo kati ya vitenzi hivi viwili.

Moto unaomuunguza Bi Havisham una kishindo cha jukwaani, pengine kupita kiasi. Mwisho wa riwaya una utulivu zaidi. Awali Dickens aliwakutanisha Pip na Estella barabarani, London. Kwa ushauri wa rafiki yake Bulwer-Lytton, akawarudisha Satis. Jumba halipo tena, kiwanda hakipo, umebaki ukuta wa bustani. Estella amepoteza vyote isipokuwa kiwanja hicho, naye anamwambia Pip kwamba hatimaye kitajengwa. Atakayejenga, na atakachojenga, Dickens hakusema.