"Nyimbo bora kuliko zote": Zote zipi?

Kuna mtindo ulioshika kasi redioni, magazetini na hata vijiweni: kupanga vitu kwa nambari. Nyimbo kumi bora. Filamu tano bora. Wachezaji kumi na mmoja bora wa msimu. Mwaka unapokaribia kwisha ndiyo usiseme. Mimi sina ugomvi na mchezo wenyewe; naupenda, na nitaucheza hapa chini. Ugomvi wangu ni na lugha inayotumiwa kuucheza.

Tuanze na neno bora. Wanafunzi wa sarufi watakumbuka kwamba ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha upatanisho: mtu bora, kitabu bora, nyimbo bora. Lakini neno hilohilo hutumika pia kwa maana ya afadhali. "Bora ukae kimya." Hapa ukimya hausifiwi kwa uzuri wake, umeupita ubaya wa kusema, basi. Na mtu akiulizwa hali akajibu "bora uhai", jamani, huyo hajasema kwamba anaishi raha mustarehe. Bora ni neno la kupimia kitu kwa kingine.

Kiswahili hakina umbo moja la neno la kusema "juu kabisa". Tulipolichukua neno la Kiarabu lenye uwezo huo likawa afadhali, tukalishusha cheo papo hapo. Tukitaka kufika kileleni hutulazimu kutumia kuliko. Lichambue neno hili: ku- ya mahali, kitenzi -li-, na -ko ya urejeshi. Yaani pale kulipo. "Amina ni mrefu kuliko Juma" ni kusema kwamba Amina ni mrefu tukimtazama kutoka alipo Juma. Sarufi inakudai umtaje mwenzake. Na mwenye kudai ushindi wa mwisho hana budi kusema kuliko wote, kuliko zote. Hapo ndipo penye kasheshe.

Kijana mmoja wa Galbet, hapa Garissa, alinionyesha orodha yake. "Adeer, hizi ndizo nyimbo bora kuliko zote Kenya." (Adeer ni ami kwa Kisomali, na uzuri wake ni kwamba mkubwa naye humjibu mdogo kwa neno hilohilo.) Juu aliiweka "Malaika". Ikafuata "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kisha "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, kisha kadhaa za Sauti Sol. Orodha nzuri, wala sina la kuifuta. Ila haukuwemo hata wimbo mmoja wa ng'ambo hii ya mto Tana.

"Adeer," nikamwuliza, "arusini kwenu nani huimba?"

"Akina mama. Lakini hiyo ni buraanbur tu, si wimbo."

Nimeifikiria sana hiyo tu. Buraanbur ni utanzu wa ushairi wa wanawake wa Kisomali, wenye mizani yake, unaoghaniwa kwa ngoma na vigelegele huku mwenzao mmoja akiingia katikati kucheza. Kijana amelala na kuamka nao tangu utotoni. Alipoombwa nyimbo, akautoa nje ya hesabu kabla hesabu haijaanza. Hakusema ni mbaya. Hakuushindanisha na "Malaika" ukashindwa. Aliuondoa katika zote. Na zote hiyo hakuitunga yeye. Aliipokea kutoka kwa redio na orodha za Nairobi, akaitumia kama yake.

Wapo watakaosema tatizo ni lugha, kwamba Mkenya wa Kisii au wa Kitui hataelewa Kisomali. Hoja hiyo haisimami. "Unbwogable" imejengwa juu ya Kijaluo, na jina lake ni kitenzi cha Kijaluo kilichovishwa koti la Kiingereza mbele na nyuma. Mwaka 2002 nchi nzima iliuimba, Narc ikaufanya wimbo wa kampeni, na wengi wa walioupigia kelele hawakujua maana ya ubeti hata mmoja. Lugha haikuuzuia. Ulisikika kwanza, kueleweka kulifuata baadaye, au hakukufuata kabisa.

Hapa Garissa mjini kuna wadi nne: Township, Galbet, Waberi na Iftin. Waberi ni alfajiri, Iftin ni mwanga. Mpenzi wa muziki wa Mogadishu akiyasikia majina hayo mawili hukumbuka kitu kingine: Waaberi, kundi lililomlea Maryam Mursal, na Iftin, bendi iliyotingisha kumbi za mji huo enzi za kaseti. Sidai kwamba wadi zetu zilipewa majina kwa ajili ya bendi. Nasema tu kwamba anayepiga kura hapa anaandika jina la muziki mkubwa kwenye fomu bila kujua. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ya Marekani ilitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za Kisomali, "Sweet as Broken Dates", na bendi hizo zimo. Ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wapanga-orodha wa ng'ambo ya bahari wamezisikia. Wa ng'ambo ya Tana bado.

Tofauti ya kupenda na kupima inasaidia hapa. Mzizi penda una watoto wengi: mpenzi, kipenzi, pendekezo, na yule mtoto mtukutu, upendeleo. Ukimwambia mwamuzi wa mpira ana upendeleo umemtukana. Lakini orodha ya vipenzi vya mtu ni upendeleo mtupu, na hiyo ndiyo haki yake! Anayesema "nyimbo nizipendazo" amekiri, na hadaiwi ushahidi. Anayesema "nyimbo bora" ameingia mahakamani, na lazima ataje kipimo.

Vipimo tunavyo. Ushairi wa Kiswahili una vina na mizani, na Muyaka alipolumbana na washairi wa Lamu kila msikilizaji aliweza kutambua nani ameteleza. Wasomali nao wana sheria ngumu zaidi: herufi ya mwanzo iliyochaguliwa hurudiwa katika kila mstari, toka shairi linapoanza hadi linapokoma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Gaarriye alitunga shairi kwa herufi D, washairi wenzake wakamjibu kwa herufi hiyohiyo, ukazaliwa mnyororo uitwao Deelley. Huko ubora ulipimwa kwa jibu. Shairi lisilojibiwa lilikuwa limeshajua nafasi yake.

Orodha zetu za leo zinapima nini? Mara nyingi ni wingi wa kurudiwa: umepigwa mara ngapi, umetazamwa na wangapi. Hicho ni kipimo halali cha umaarufu, basi kiitwe hivyo. "Nyimbo kumi zilizovuma" ni Kiswahili safi na ni kweli. Kwa nini tuseme bora?

Halafu kuna suala la njeo. "Nizipendazo" haina wakati, "ninazozipenda" ni za sasa, "nilizozipenda" zimepita. Bora haina njeo, ndiyo maana hujifanya ya milele. Jarida la Rolling Stone lilipopanga nyimbo zake 500 mwaka 2004, wa kwanza ulikuwa "Like a Rolling Stone" wa Bob Dylan. Lilipopanga upya mwaka 2021, "Respect" wa Aretha Franklin ukashika nafasi hiyo, na Dylan akashuka hadi ya nne. Wimbo wa Dylan ni wa 1965, wa Aretha ni wa 1967. Katika miaka hiyo 17 hakuna hata noti moja iliyobadilika ndani yake. Waliobadilika ni waamuzi. Waliitwa watu wengine mezani, na zote ikapanuka.

Sasa zamu yangu. Nne tu, nizipendazo, na zote yangu ni zile zilizonifikia kwa redio, kaseti na turubai za arusi.

Ya nne, "Wavin' Flag" ya K'naan, mzaliwa wa Mogadishu. Nasema ile ya albamu ya 2009, yenye vita na ukimbizi ndani, wala si ile iliyosuguliwa kwa ajili ya Coca-Cola na Kombe la Dunia la 2010. Ya pili ilizunguka dunia kwa sababu ilitolewa mfupa.

Ya tatu, "Malaika", lakini kwa sauti ya Fadhili William. Miriam Makeba anaiimba kwa fahari kubwa hata msikilizaji anasahau kwamba anayesema ni mtu aliyekosa mali ya kuolea. Fadhili anasikika kama mtu aliyekosa kweli. Hapa kwetu, ambako mahari hutajwa kwa ngamia hata inapolipwa kwa pesa, tofauti hiyo si ndogo.

Ya pili, albamu "Garissa Express" ya Gargar, kina mama wa hapahapa waliorekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi. Sauti za wanawake ndizo zinazoongoza humo, nami nazipendea hilo.

Na ya kwanza ni buraanbur niliyoisikia arusini Galbet, nikiwa nimeketi upande wa wanaume, turubai katikati. Haina jina, na mtunzi simjui. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini herufi niliisikia ikirudi, mstari baada ya mstari, na niliweza kuihesabu kwa vidole kama ninavyohesabu mizani darasani. Ilitungwa kwa ajili ya bi arusi yule na ukoo wake, kwa hiyo haiwezi kupigiwa bi arusi mwingine, wala kurudiwa redioni mara elfu. Kwa kipimo cha kuvuma ina sifuri. Ilipokwisha, kutoka ng'ambo ya turubai mama mwingine aliijibu.