Foleni ya Madaftari

Nyote mliokuwa barazani siku ile, wazazi na walimu wa shule jirani walipoalikwa kutazama Darasa la Pili likiendeshwa tangu gwaride la asubuhi hata kengele ya kwenda nyumbani, mliona niliyoyaona, wala sina haja ya kuwasimulia upya. Lakini maadamu nimesikia baadhi yenu wakiisifu siku ile kuwa kielelezo kistahilicho kuigwa, imenilazimu kutoa hoja yangu waziwazi: siku iliharibika kabla ya mapumziko, katika kipindi cha Kuhesabu, kwa amri moja ya mwalimu, na yote yaliyofuata, yaani ghasia, majina ya wapiga kelele ubaoni, na kipindi cha Kusoma kilichotoweka, yalizaliwa na amri hiyo.

Amri yenyewe mliisikia: aliyemaliza alete daftari mezani lisahihishwe.

Yaliyotangulia yalikuwa mema: mahudhurio yaliitwa upesi, madawati yalipangwa kwa njia za kupitika, viranja waligawa vitabu bila zogo, na ule wimbo wa kuhesabu uliowatoa watoto katika somo moja na kuwaingiza katika jingine ulikuwa mzuri. Hayo nayapa haki yake, kisha narudi penye kadhia.

Tazameni hesabu ya muda, ambayo mwalimu wa Kuhesabu angepaswa kuwa wa kwanza kuifanya. Kipindi cha madarasa mawili ya chini ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 60, na kila daftari likipewa nusu dakika tu, muda usiotosha hata kufungua ukurasa, kutia alama na kumwambia mtoto kosa lake, dakika zote 30 zimekwisha, bila kufundisha na bila mtoto kupata nafasi ya kuandika hayo yatakayosahihishwa. Kwa hiyo jambo lile halikushindikana kwa uvivu wa mtu wala kwa utundu wa watoto. Lilikuwa haliwezekani tangu lilipotamkwa, na mwalimu mwenye uzoefu angelijua kabla hajaikalia meza yake.

Tena tazameni ni nani aliyetangulia katika foleni. Aliyemaliza kwanza ndiye ajuaye. Akaja, akatiwa tiki zake, akarudi kwenye dawati lake bila kazi. Asiyejua akabaki nyuma akiutazama ubao, na ubao hauonekani tena, kwa sababu meza imewekwa mbele yake na foleni imekwisha kuuziba. Basi akageukia daftari la jirani akanakili, akajiunga na foleni akiwa na majibu ya mwenzake. Kengele ya mapumziko ilipolia, waliokuwa hawajafika mezani ni wale wale ambao somo zima liliandaliwa kwa ajili yao. Utaratibu unaompa asiyehitaji na kumnyima mhitaji sijui utaitwaje mpango wa darasa.

Na katika hayo yote, kubwa zaidi ni hili. Miongoni mwa hesabu zile za kutoa palikuwa na 52 kutoa 27, ambayo haitoki ila kwa kukopa kumi katika yale makumi matano. Mimi niliyesimama dirishani niliweza kuona, katika daftari hili na lile na lile la tatu, jibu la 35: mtoto ameona 2 haitoi 7, akaigeuza, akatoa 2 katika 7, akaandika 5 kwa utulivu kabisa. Kosa hilo si la kubahatisha. Lina mantiki yake, linajulikana na kila aliyefundisha darasa la pili, na dawa yake ni kuwasimamisha wote kwa pamoja, kuchukua vijiti, kufungua fungu moja la kumi mbele ya macho yao, na kulimaliza kwa dakika tano. Lakini mwalimu aliyeinamia daftari moja baada ya jingine hulikuta kosa lile lile mara nyingi kana kwamba ni makosa mengi mbalimbali, hulitia mkasi mwekundu, hulinong'onezea sikio moja moja, wala halitambui kuwa ni la darasa zima. Alikuwa kama nahodha aliyeuacha usukani akashuka ngamani kuhesabu magunia.

Ndipo zikaja kelele, na zikaja kwa haki, kwa kuwa watoto wa miaka minane waliokwisha kusahihishiwa na wasiopewa la kufanya watafanya nini kama si kuzungumza? Na hapo likafuata lile jambo ambalo wasomaji wa safu hii wanajua jinsi ninavyolichukia: kiranja akaitwa kuandika majina ya wapiga kelele ubaoni. Nimekwisha kusema, na nitasema hata wanichoke, kwamba kumfanya mtoto kuwa askari wa watoto wenzake ni kukiri kuwa mwenye darasa ameliacha darasa. Mmarekani Jacob Kounin, aliyechapisha mwaka 1970 utafiti wake juu ya uendeshaji wa madarasa, alitazama picha za walimu wengi wakiwa kazini akitafuta namna bora ya kukemea, akagundua kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu. Kilichowatofautisha ni kujua kila kinachotendeka chumbani, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuuendesha mwendo wa kazi usikatike. Foleni ya mezani huyaua hayo matatu kwa pigo moja.

Wazee wetu wa kazi hii hawakuifanya. Marehemu mwalimu aliyetufundisha sisi, katika darasa lililokuwa na madawati machache kuliko watoto, alikuwa na meza, lakini meza ile ilikuwa mahali pa kuwekea chaki na daftari la mahudhurio. Yeye mwenyewe alitembea baina ya safu, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha juu ya mabega yetu tungali tunaandika. Tulikuwa na sleti, na hapa mtaniwia radhi, kwa maana sijawasamehe waliozitupa sleti wakidhani wametupa umaskini. Mwalimu alitoa hesabu moja, tukaandika, akaamuru ziinuliwe, na kwa mtupo mmoja wa jicho akajua wangapi wamepata, wangapi wamekosa, na wamekosa vipi.

Hila hiyo hakuibuni yeye. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake katika barabara ya Borough mjini London mwaka 1798, alifundisha mamia ya watoto katika ukumbi mmoja kwa kuwatuma wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, na kuonyesha sleti zote kwa pamoja ilikuwa miongoni mwa amri za kila siku. Andrew Bell naye aliuona msingi wa utaratibu huo huko Madras, ambako watoto waliandika herufi mchangani kwa ada ya Wahindi. Sikatai kwamba ukumbi wa Lancaster ulikuwa na kukariri kwingi na kufahamu kuchache. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa na mamia hakupanga foleni.

Najua mwanachuoni mmoja ataniuliza: je, katika chuo chetu cha Kurani mtoto haendi mbele ya mwalimu wake peke yake, akasoma, akasahihishwa, akarudi? Ndiyo, huenda, lakini wanaongoja zamu chuoni hawakai bure. Kila mmoja anayo aya yake mbele yake na anaisoma kwa sauti, mkubwa anamsikiliza mdogo, na sikio la mwalimu, hata akiwa na mmoja mbele yake, hulikamata kosa la yule aliye ukutani. Kungoja kule ni kusoma. Tuliloliona sisi lilikuwa kungoja tu.

Basi kwa nini mwalimu yule, ambaye si mjinga wala si mvivu, alifanya vile? Alifanya kwa sababu ya tiki. Tangu zamani za wakaguzi hata leo tunapowaita wadhibiti ubora, mgeni akiingia darasani hufungua daftari la mtoto kutafuta wino mwekundu. Mwalimu mkuu naye hufanya hivyo, na mzazi jioni hufanya hivyo. Daftari lenye alama nyingi ni hati ya bidii ya mwalimu, na siku ile baraza ilikuwa imejaa watu wenye macho ya kukagua. Alisahihisha kwa ajili yetu.

Watakaomtetea watanijibu kwa wingi wa watoto. Kweli, kanuni ya nchi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na tangu michango ya lazima ya wazazi ilipofutwa mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika kupita kanuni hiyo katika shule nyingi mno. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Mwenye watoto 15 aweza kuwaita mezani mmoja mmoja asipate hasara kubwa. Mwenye 60 hana ruhusa hiyo hata siku moja. Na ili waliomaliza wasikae bure, aandike pembeni mwa ubao kazi ya ziada, jambo lisilogharimu hata kipande kizima cha chaki.

Yaliyobaki mliyaona. Watoto walirudi kutoka kunywa uji, foleni ikapangwa tena, na kipindi kilichoandikwa Kusoma katika ratiba iliyobandikwa ukutani kikaliwa chote na madaftari ya Kuhesabu. Mtaala wa mwaka 2015 uliwawekea watoto wa madarasa hayo mawili asilimia 80 ya muda wao kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, nasi tukakaa barazani tukatazama kipindi cha kwanza kati ya hivyo vitatu kikipotea, kisha tukapiga makofi.

Kwa hiyo ombi langu haliendi kwa mwalimu yule peke yake. Linakwenda kwa mwalimu mkuu, aiondoe ile meza mbele ya ubao na kukirudisha kipindi cha Kusoma wiki hii hii. Na linakwenda kwenu wadhibiti ubora, kwamba mtakapoingia tena Darasa la Pili msifungue daftari lolote, bali mwandike 52 kutoa 27 ubaoni, na mmchague mtoto wa dawati la nyuma.