Sarara kwa Watu Wawili

Ng'ombe hutembea, hulala, huinuka, huvuta jembe na kupanda vilima, na karibu kila msuli wa mwili wake una fungu katika kazi hiyo. Upo mmoja ambao kazi huupita kando. Umelala kwa ndani, chini ya uti wa mgongo, mmoja kushoto na mwenzake kulia. Ni mnene upande wa nyuma, na huchongoka kadiri unavyoelekea mbavuni. Hiyo ndiyo sarara, ambayo wengi mjini huiita fileti. Kwa kuwa haikukomazwa na kazi, nyuzi zake ni laini na mishipa migumu ndani yake ni michache mno. Ukizipima sarara zote mbili utapata kama asilimia mbili tu ya mzoga mzima.

Nyama ya namna hii haidai kulainishwa. Haitaki papai bichi wala kupondwa, na haitaki kuchemka saa tatu. Imekuja jikoni ikiwa laini tayari, na lolote utakaloifanyia kuanzia hapo litaulinda ulaini huo au litauharibu. Ufundi wa kuulinda ndio ninaotaka kuusifu. Naamini ni miongoni mwa ufundi mgumu kabisa wa jikoni, na kwetu haujapewa heshima yake, kwa sababu tumezoea kumpima mpishi hodari kwa vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu.

Na tuna haki ya kuvienzi vyakula hivyo. Supu ya kongoro iliyokesha jikoni, maharage yaliyoiva taratibu kisha yakaungwa kwa nazi, nyama ya pilau iliyochemshwa mpaka ikaachia mfupa: hiyo ni elimu ya kweli. Mguu wa ng'ombe umejaa kolajeni, na kolajeni ikipewa maji, moto mdogo na saa za kutosha hugeuka jelatini, ule uzito mtamu unaonata mdomoni. Sarara haina kolajeni ya kutosha kugeuza. Ukiipa saa hizo itakauka, na hutapata malipo yoyote kwa ukavu huo. Subira yake imepangwa kwa namna nyingine. Unangoja sana kabla ya moto na unangoja tena baada ya moto, na katikati zipo dakika chache ambazo jicho halibanduki kikaangoni.

Kungoja kwa kwanza kunaanzia buchani. Dar es Salaam ng'ombe huchinjwa Vingunguti usiku au alfajiri, na asubuhi nyama inaning'inia madukani. Wanunuzi wengi huipenda hivyo, ikiwa mpya, na kwa mchuzi haina neno. Kwa sarara, ni mapema mno. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, kisha hulegea polepole kwa siku zinazofuata, vimeng'enya vilivyomo ndani yake vikizikata protini zilizozishikilia nyuzi. Kwa hiyo nenda kwa muuza nyama unayemwamini, mwenye nyama iliyogongwa mhuri wa ukaguzi, na umwahi kabla shoka halijatua kwenye gogo. "Kaka, hiyo sarara usiikate vipande. Nipe ya katikati, nzima." Naye, kama ni fundi, ataiweka sawa, atatafuta pale ilipo nene zaidi, na atakata mara mbili tu. Ukifika nyumbani iweke kwenye friji, upande wa chini penye baridi kali, siku mbili au tatu.

Wafaransa ndio waliojenga mlo wa kudumu juu ya kipande hicho cha katikati. Cha gramu 400 hadi 500 hukiita chateaubriand, inasemekana kwa jina la François-René de Chateaubriand, mwandishi na mwanadiplomasia aliyeishi kati ya 1768 na 1848. Desturi ya migahawa yao mpaka leo ni kwamba kipande hicho huagizwa na watu wawili, hukatwa mbele yao, na huja na viazi vilivyokaangwa kwa siagi pamoja na sosi ya béarnaise. Sarara hiyohiyo hutoa pia tournedos, vipande vya duara vya mtu mmoja mmoja, na mapishi yao mashuhuri zaidi yanabeba jina la mtunzi wa opera Gioachino Rossini. Mimi naipenda zaidi chateaubriand. Ni kipande kimoja kinachopita kwenye moto mmoja, na wawili wanakila pamoja.

Karamu zetu za nyama ni za halaiki, na uzuri wake uko hapohapo. Mguu wa mbuzi unakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari katikati, kila mkono unachukua, na aliyechelewa husogezewa kiti. Sarara haiwezi hesabu hiyo. Ilete mbele ya watu kumi, wote wataonja na hakuna atakayekula. Ilete mbele ya wawili, inawatosha kabisa. Na mpishi anayempikia mtu mmoja zaidi yake mwenyewe anajua kwa hakika anampikia nani: anaipenda nyama imeiva kiasi gani, chumvi anaivumilia kiasi gani, amerudi kazini na njaa ya aina gani. Hakuna umati wa kujificha nyuma yake.

Usiku wa kuamkia siku ya kuipika, iandae. Juu ya sarara kuna utando mweupe unaong'aa kidogo. Utando huo hauyeyuki kwa moto. Hujikunja na kuipinda nyama, na mdomoni ni kamba. Chukua kisu chembamba chenye makali, uchomeke ncha chini ya utando, uushike kwa vidole vya mkono wa pili na kuukaza, kisha uelekeze makali juu, upande wa utando, ukivuta taratibu. Ukifanya hivyo utando unatoka ukanda kwa ukanda, na nyama inabaki yote. Makali yakielekea chini, kila mvuto unaondoka na nyama ya bei. Halafu ifunge kwa uzi wa pamba mizunguko minne au mitano, bila kuinyonga, ili iwe na unene sawa pande zote na iive sawasawa. Ipake chumvi, iweke juu ya waya, irudishe kwenye friji bila kuifunika. Chumvi kwanza huvuta maji juu. Baadaye maji hayo huirudisha ndani, na hewa ya friji huikausha ngozi ya nje.

Ukavu huo una maana kubwa. Rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani ni kazi ya protini na sukari zinapokutana kwenye joto kali, jambo lililoelezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard. Hufanyika vizuri nyama inapopita nyuzi 140 hivi, na maji hayapiti nyuzi 100. Maadamu nyama imelowa, moto wote unaishia kukausha maji, na nyama inachemka badala ya kukaangika. Ndiyo sababu mpishi mzuri huipangusa tena kwa kitambaa safi, hata kama anaiona kavu, kisha hungoja kikaango cha chuma kizito mpaka mafuta yaanze kutetemeka na kutoa moshi mwembamba.

Sikio nalo lina kazi hapa. Nyama inapogusa chuma, mlio wake unapaswa kuwa mkali na usiokatika. Ukisikia mlio mzito wa mapovu, kikaango hakijashika moto au nyama ina maji. Igeuze kila baada ya dakika moja na nusu au mbili, upande kwa upande, mpaka ipate rangi ya kahawa iliyokaangwa mwili mzima, na ncha zote mbili pia. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliwafundisha watu wa karne ya 19 kwamba ukaangaji huu unaziba nyama ili maji yasitoke. Katika majiko mengi bado husemwa hivyo. Sivyo: nyama iliyokaangwa nje huendelea kutoa maji, na unayasikia yakichacharika kikaangoni. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na harufu, na sababu hiyo inatosha. Kinachoyalinda maji ya nyama ni kipimo cha joto la ndani.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwishoni mwa kukaanga punguza moto, tia kijiko cha siagi, punje mbili za kitunguu saumu zilizobonyezwa na kijiti cha thaimu, inamisha kikaango, uichote siagi inayotoa povu na kuimwagia nyama mara kadhaa. Kisha oveni ya nyuzi 180. Kuanzia hapa hesabu inakwenda haraka. Protini za nyama huanza kushikana karibu na nyuzi 50, na nyama inapata umbo na utamu. Ikifika 54 au 57 ni ya waridi na ina maji tele. Ikipita 60 nyuzi zinajikaza na kuyakamua maji nje, na ikipita 70 ulaini wote ulioulipia buchani umeondoka. Kati ya nyama bora na nyama ya kawaida kuna dakika chache za oveni. Kwa hiyo itoe kabla haijafika unakotaka, ikiwa nyuzi 50 kwa anayetaka 54, kwa kuwa joto la nje litaendelea kusafiri kuelekea ndani hata ikiwa mezani. Kipimajoto kidogo cha kuchomeka kinafaa, na hakimpunguzii mtu heshima. Kidole kitajifunza chenyewe kwa kukifuata: nyama mbichi inabonyea na kubaki, iliyofika inabonyea na kurudi, iliyopitiliza haibonyei.

Ikilala dakika 10 juu ya ubao, maji yake hutulia na kuwa mazito, na kisu hakiyamwagi yote. Dakika hizo ndizo za sosi. Béarnaise inahusishwa na mpishi Collinet, katika mgahawa wa Pavillon Henri IV huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, miaka ya 1830; jina lake linaiheshimu Béarn, nchi alikozaliwa Mfalme Henri IV. Chemsha siki vijiko vitatu na kitunguu kidogo kilichokatwa vipande vidogo sana, pilipili manga iliyotwangwa na majani ya tarragoni yenye harufu inayokaribia shamari, mpaka ibaki kijiko kimoja. Chuja, tia viini viwili vya mayai, uvipige kwa mchapo juu ya mvuke wa maji ya moto. Karibu na nyuzi 65 kiini huanza kuwa kizito na kung'aa. Kikizidi sana 70, umepata mayai ya kuvuruga. Kinaposhika uzito, ondoa motoni, uimimine siagi iliyoyeyushwa, gramu 120 hivi, kwanza tone kwa tone, kisha kwa uzi mwembamba. Siki na siagi, vitu visivyokaa pamoja, vinashikamana kwa sababu ya kiini. Ukikosa tarragoni tumia nanaa, inayouzwa kila soko letu. Wafaransa wanayo sosi hiyo pia, huiita paloise, kwa jina la Pau, mji mkuu wa Béarn.

Tazama basi jinsi nyama na sosi zinavyofundisha somo moja. Zote mbili zina mahali ambapo joto ni rafiki na mahali ambapo linakuwa adui, na umbali kati ya mahali hapo pawili ni nyuzi chache. Mpishi anasimama hapo katikati.

Wengi wetu tukiiona nyama ya waridi tunashtuka, tukidhani ni damu. Damu ilitoka machinjioni. Wekundu huu ni mayoglobini, protini inayoupa msuli rangi yake. Lakini hofu ya mlaji haishindwi kwa hotuba mezani. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri kipande kizima cha ng'ombe kifike nyuzi 63 kisha kitulie dakika tatu, na kwa mjamzito, kwa mwenye afya dhaifu, au kwa nyama usiyoijua ilikotoka, huo ndio ushauri wa kufuata. Sarara iliyoangaliwa vizuri bado ni tamu kwa kipimo hicho. Na kipande hiki kina ukarimu wake: ncha huiva zaidi kuliko katikati. Ikate dhidi ya nyuzi, vipande vya upana wa kidole, umpe mwenzako vile anavyovipenda, na vinavyobaki uvile kwa furaha.

Ufundi mwingi hujitangaza: bakuli lililochongwa, kofia iliyodariziwa, mchuzi wenye viungo kumi na viwili. Huu haujitangazi. Aliyepika sarara vizuri ameikausha, ameitia chumvi, ameiacha ilale, na amekataa kuiongezea dakika. Anayekula anaisifu nyama, na sifa hiyo ni halali yake mpishi, kwa kuwa ubora aliokabidhiwa ameufikisha mezani haujapungua. Watu wengi wenye nguvu na bidii hushindwa hapa, kwa kuwa bidii yao haijui kukoma.

Sarara ni ghali, na katika nyumba nyingi itaingia mara moja moja, siku ya kumbukumbu ya ndoa au siku ya habari njema. Hiyo ni sababu ya kuujifunza ufundi huu mapema na kuwafundisha watoto wetu, wa kike na wa kiume: siku nyama hiyo itakapoingia, iangukie mikononi mwa mtu anayejua lini aitoe motoni, na anayemjua vizuri yule anayempikia.