Maji Kwanza, Mashimo Baadaye: Kuchonga Uwanja wa Gofu wa Mlimani Ndani ya Kompyuta

Kwenye ardhi tambarare, anayechora uwanja wa gofu kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kazi yake ni kuongeza: huongeza vilima, mabwawa na mashimo ya mchanga mpaka ardhi ipate sura. Mlimani sura ipo tayari, tena imezidi, na kazi inakuwa kutafuta sehemu chache ambazo mpira ukitua utakubali kutulia. Nitaichambua kazi hiyo kwa ardhi ya vilima vya Irangi, upande wa Busi, wilayani Kondoa. Hoja yangu ni kwamba uwanja wa mlimani husimama pale tu mchoraji anapoanza na njia ya maji, kabla hajaweka shimo hata moja.

Zana za kuchorea si ngeni. Mean 18 ya mwaka 1986 ilishampa mchezaji uwezo wa kujichorea uwanja, na The Golf Club ya HB Studios ya Kanada, iliyotoka 2014, ililifanya jambo hilo kuwa kiini cha mchezo. Kilichobadilika ni upatikanaji wa ardhi halisi. Februari 2000 chombo cha anga za juu Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Vipimo hivyo leo vinapatikana bure, na vilima vya Kondoa vimo. Kila kipimo kinasimamia mraba wa takriban mita 30 kwa 30.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mraba huo una mita za mraba 900, wakati grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, kwa kawaida ina mita za mraba 500 au 600. Grini nzima inamezwa na kipimo kimoja. Korongo la upana wa mita nane halionekani kabisa, na penye miti minene rada husoma juu ya udongo kwa sababu ya majani. Watengenezaji wenye fedha hutumia leza: uwanja wa Augusta National wa Marekani ulipimwa hivyo kwa ajili ya mchezo wa Tiger Woods PGA Tour 12 wa mwaka 2011. Asiye na leza atembee mwenyewe, apige picha, apime kwa hatua, kisha arudi kuchonga kwa mkono kile ambacho rada haikukiona.

Kosa la pili limejificha kwenye faili. Miinuko huingizwa kwenye programu kama picha ya rangi ya kijivu, ambamo weupe ni kilele na weusi ni bonde. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu. Kama ardhi yako inapanda mita 500 kutoka chini hadi juu, kila ngazi inaruka karibu mita mbili, na mlima unatokea na vidato ambavyo havipo. Picha ya biti 16 ina ngazi 65,536, na mruko unashuka chini ya sentimita moja. Anayesahau hili hupoteza muda mwingi akilainisha vidato alivyovitengeneza mwenyewe.

Sasa maji. Programu ya ramani ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, hulinganisha kila mraba na majirani zake, ikatafuta ulio chini zaidi, kisha ikajumlisha maji ya miraba yote inayomwagikia mahali pamoja. Matokeo yake ni mtandao wa mikondo. Kondoa inafahamu vizuri maana ya mtandao huo. Mmomonyoko ulikuwa umeila ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,256 ili ardhi ipumzike. Makinga maji yakachimbwa yakifuata kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, na miti ikapandwa. Mtu aliyekulia kwenye historia hiyo akitazama mteremko huona mvua itapita wapi.

Mtazamo huo unazaa kanuni za uchoraji. Njia ya mchezo ilivuke korongo, isilale ndani yake. Grini ikae kwenye bega la kilima, kamwe isiwe mdomoni mwa mkondo. Mto wa mchanga, mkavu kwa miezi mingi, unatosha kuwa kizuizi bila kuchimba chochote. Mashimo marefu ya mapigo matano yafuate kontua kama makinga maji yanavyofanya, na pale panapopanda kwa ukali liwekwe shimo fupi la mapigo matatu, ambalo halihitaji njia ndefu ya nyasi. Sehemu ya grini inayopokea shimo isizidi mteremko wa asilimia 3 hivi, la sivyo mpira hausimami. Stanley Thompson alilielewa hili huko Banff Springs, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1920: kwenye shimo la nne mchezaji hupiga kutoka juu, mpira unavuka ziwa dogo, na grini iliyokaa kama bakuli inaudaka.

Mlima pia hubadilisha hesabu za mpira wenyewe. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu asilimia 14, na mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Ukitua kwa pembe ya nyuzi 45, kila mita ya kushuka huongeza karibu mita moja ya umbali. Shimo la mita 150 lenye grini iliyo chini kwa mita 30 linachezwa kama la mita 120 hivi. Mchoraji asiyeyaingiza haya humdanganya mchezaji kwa namba.

Jicho nalo linahitaji msaada, maana kioo bapa hufuta miteremko. Ndiyo sababu michezo mingi huchora gridi juu ya grini. Busi ina msaada bora zaidi: mawe makubwa, vivuli vya jioni, na miti iliyosimama wima kwenye ardhi iliyoinama. Mawe hayo yaachwe yalipo. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na heshima ya miamba ianzie hata kwenye ardhi ya kuigiza.

Mwisho ni suala la nyasi. Viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki, penye uhaba wa maji, vilitumia grini za mchanga uliochanganywa na mafuta. Kwa Busi ningechagua hizo, na mwendo wa mpira ningeupanga kwa mchanga.

Kompyuta humruhusu mchoraji kusawazisha kilima kizima kwa kubofya mara moja, na humo mvua hainyeshi kumsahihisha. Basi kipimo cha kazi yake kiwe hiki: aondoe rangi zote za nyasi, abakize udongo mtupu, amwoneshe mkulima wa Busi na amuulize maji yatapita wapi. Mkulima akijibu bila kusita, uwanja uko tayari kuwekewa bendera.